Rupia ya Mjerumani: Usiiuze kwa mtindo wa butura

WAKULIMA wa Kashozi, mkoani Kagera, hawahitaji kufundishwa maana ya daraja. Wanajua kwamba kahawa iliyochumwa mbichi na kuanikwa juu ya udongo haiwezi kupata bei moja na ile iliyoiva ikaanikwa kwenye kichanja. Lakini mkulima huyo huyo akipata sarafu ya zamani, elimu hiyo huiacha shambani.

Nilikuwa Kashozi kuzungumza na wakulima juu ya ubora wa kahawa. Kikao kilipokwisha, mzee mmoja alinivuta kando, akafungua kitambaa na kunionyesha rupia ya Mjerumani aliyoachiwa na baba yake. "Mwanangu, kuna mtu kaniambia hii ni mamilioni. Anataka laki mbili tu za kuipima," alisema.

Ili azipate laki hizo, mzee alikuwa tayari kuuza kahawa yake ingali maua, yaani butura, mtindo uliokwishawaumiza wengi Kagera. Tena, ili mteja avutiwe, alikuwa ameisugua sarafu kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa.

Hayo ni makosa mawili, na yote yanatokana na kutojua sarafu hupangwaje bei.

Rupia si ngeni huku. Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na Mapadri Weupe wakaanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilishika kazi hiyo, na rupia moja ikawa heller 100. Neno letu "hela" limetoka hapo.

Sarafu ina bei mbili. Ya kwanza ni ya madini. Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na asilimia 91.7 ni madini ya fedha, yaani karibu gramu 10.7. Mpelekee sonara aipime mbele yako, kisha zidisha 10.7 kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo. Ikinaswa na sumaku, basi ni bandia.

Bei ya pili ni ya wakusanyaji, nayo hutegemea uchache na hali. Kwa uchache, soma mwaka, na kwa zile za serikali soma pia herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Rupia mbili za mwaka 1893 na 1894 ni adimu kuliko rupia moja. Adimu zaidi ni rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Zilitoka kama 16,000 tu. Kwa sababu hiyo bandia zake ni nyingi. Ya kweli ina gramu 7.17 hivi, na robo tatu yake ni dhahabu.

Kwa hali, angalia sehemu zilizoinuka, maana ndizo huanza kulika: tai aliye juu ya kofia ya Kaisari, masharubu, na manyoya ya simba kwenye zile za Kampuni. Wataalamu hutumia kipimo cha 1 hadi 70, kilichoanzishwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu sokoni.

Lakini si kila picha hafifu imelika. Sarafu za Tabora zilitengenezwa kwa mitambo ya dharura, nyingine zikatoka na picha dhaifu tangu siku ya kwanza. Hata penny za kale za Uingereza, zilizogongwa kwa nyundo, hukaguliwa kwa tahadhari hiyo hiyo.

Kusugua hakuirudishi sarafu kwenye upya. Hukwangua ngozi ya juu, na mnunuzi huiona mikwaruzo kwa lenzi. Ule weusi wa miaka mingi uache. Tundu la kuvalia shingoni nalo hushusha bei, isipokuwa kwa sarafu zilizotoka kiwandani na tundu, kama heller 5 za mwaka 1913 na 1914.

Zingatia pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: kuchimba mabaki ya kale bila kibali ni kosa. Anayekushawishi uchimbe "mali ya Mjerumani" anakutafutia kesi.

Rupia ya mzee ilikuwa ya mwaka 1905. Si adimu, kofia ya Kaisari imelika, na sasa imesuguliwa. Nilimweleza ukweli kwamba bei yake haiendi mbali na ya madini yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule wa laki mbili?"

Nilimjibu kwamba mnunuzi wa kweli huja na fedha zake. Hamwombi muuzaji atangulize. Mzee aliifunga rupia kitambaani. Kahawa yake ilibaki mtini, isubiri kuiva.