Njaa ya Kangaja Aliyeshiba

Samaki anaweza kulishwa kila siku katika tangi la kioo sebuleni Buruburu au Donholm, Nairobi, na bado akafa kwa njaa. Aliye karibu zaidi na hatari hiyo ni kangaja, hasa yule wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, ambaye wanasayansi humwita Acanthurus leucosternon. Ni mwenyeji wa matumbawe ya pwani yetu, na uzuri wake unamfanya atafutwe na wafugaji wa samaki wa mapambo hapa nchini na ng'ambo. Jioni mwenyewe anatoka kazini, ananyunyiza chakula kikavu, samaki anapanda juu na kumeza kwa pupa, na nyumba nzima inaridhika. Baada ya muda tumbo linabonyea, mgongo unachongoka, rangi inafifia. Lawama zinaangukia maji, chumvi au muuzaji. Maji na chumvi huweza kuua, sikatai, lakini kabla ya kuvishuku inafaa kutazama anachokula samaki huyu na saa anazokula, kwa sababu hapo ndipo tunapomkosea zaidi.

Baharini kangaja huchunga. Tangu kupambazuke hadi jua litue anadonoa mwani mfupi juu ya mwamba, akihama jiwe hadi jiwe, maana chakula hicho kina nguvu kidogo na kinahitaji kuliwa kwa wingi. Mdomo wake ni mdogo, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili. Ndani ya utumbo huo kuna viumbe vidogo vinavyosaidia kuchachusha kile ambacho samaki hawezi kukimeng'enya peke yake. Mwaka 1985 watafiti walieleza kiumbe cha ajabu kutoka tumboni mwa kangaja wa Bahari ya Shamu, kikubwa kiasi cha kuonekana bila hadubini, zaidi ya nusu milimita. Mwaka 1993 ndipo ilipothibitishwa kwamba ni bakteria, mmoja wa wakubwa kabisa wanaojulikana. Mwili uliojengwa hivyo unategemea chakula kinachopita bila kukatika. Mlo mmoja wa jioni unauacha utumbo mtupu karibu mchana wote, nao mchana ndio wakati wake wa kula.

Wapo watakaosema kwamba kangaja wao anafurahia kamba na vipande vya nyama ya samaki, kwa hiyo ameshaizoea hali yake mpya. Ni kweli anavila. Hata mwani wa mwambani huficha wadudu wadogo, na anapoudonoa huwameza pamoja nao, kwa hiyo nyama kidogo si sumu kwake. Ila kupenda chakula hakuthibitishi kwamba kinamfaa kila siku. Kinachoshawishi zaidi ni hoja kwamba ndugu wa ukoo mmoja hawali sawa, na hii naikubali kabisa. Acanthurus thompsoni, ingawa ni kangaja, hula vijidudu vinavyoelea majini. Kangaja wa jamii ya Ctenochaetus hukwangua mashapo na masalia yaliyotuama juu ya mawe. Puju wa aina ya Naso elegans hupenda mwani wa kahawia wenye majani mapana. Mfugaji asiyejua jina kamili la samaki wake anabahatisha tu.

Halafu kuna sukuma wiki. Kibanda cha mboga kiko karibu na kila geti la Umoja na Komarock, na jani lililochovywa kwenye maji moto likalainika huliwa vizuri na kangaja. Kama hakuna kingine, ni afadhali hilo kuliko tumbo tupu. Tatizo ni kwamba mboga ya nchi kavu ina iodini kidogo sana ikilinganishwa na mwani, na haina yale mafuta ya baharini ambayo samaki wengi wa maji ya chumvi hawawezi kujitengenezea vya kutosha. Tafi, samaki mwingine mla mwani, ni wa pekee kidogo: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba aina moja ya tafi ina uwezo wa kuyaunda mafuta hayo kutokana na mafuta ya mimea. Uwezo wa tafi hauwezi kuchukuliwa kuwa wa kangaja. Mwani mkavu wa karatasi unaofungiwa sushi, unaopatikana katika supamaketi kubwa za Nairobi, ni chaguo bora zaidi, mradi usiwe umetiwa mafuta, chumvi wala ufuta.

Kinachonisikitisha ni kwamba tunaagiza mwani kutoka Asia ilhali akina mama wa Kibuyuni na Mkwiro, Kaunti ya Kwale, wanaulima baharini na kuuanika juani. Mwingi husafirishwa nje kwa viwanda vinavyotoa humo uteute wa kukazia vyakula na dawa za meno. Kwamba samaki wala mwani wanautaka, wakulima wenyewe ni mashahidi: tafi huwaharibia mashamba kwa kuyala. Mwani huo uoshwe mchanga na chumvi, uloweshwe hadi ulainike, kisha samaki aanze kupewa kipande kidogo huku akitazamwa. Wauzaji wa samaki wa mapambo wangeweza kuuleta Nairobi kwa njia ileile wanayowaletea kangaja.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu maji. Eastlands maji huja kwa mgao, maji ya chumvi hutengenezwa kwa gharama, na chakula kingi huchafua. Zaidi ya hayo, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako maji hubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa, na mabaki yanayooza huila hiyo iliyobaki. Stima ikipotea na pampu ikasimama, hali inakuwa mbaya kwa haraka. Ndiyo maana nasisitiza jani zima. Likibanwa kwenye kioo asubuhi kwa kibanio cha plastiki, samaki hulidonoa polepole, na jioni kilichobaki hutolewa kwa mkono. Chakula cha unga kilichotawanyika hakiwezi kuokotwa hivyo.

Sidai kwamba mwani unaponya kila kitu. Vidonda vya vishimo vinavyotokea kichwani na kando ya ubavu wa kangaja vilihusishwa kwa miaka mingi na lishe duni, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kwamba hata mkaa wa kuchujia maji unaweza kuvisababisha. Lishe ni sehemu ya jibu, na ni sehemu iliyo mikononi mwa mfugaji kila asubuhi. Kwenye matumbawe kangaja na wenzake huuzuia mwani usiyafunike, kazi iliyohitajika mno baada ya joto la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi ya pwani yetu. Anayemtoa huko amuulize muuzaji kabla ya kulipa: samaki huyu anaitwaje, amekuwa akila nini, na je, anaweza kuonyeshwa akila mwani sasa hivi? Kama tumbo limebonyea na hadonoi jani, aachwe dukani.