Ngozi ya Mama, Ngozi ya Mlima

Nilipanda Wundanyi kutafuta habari za misitu ya Taita na ndege wake. Nilichorudi nacho ni kisa cha kiumbe asiye na mguu wala bawa, aliyefukuliwa kwa jembe chini ya mgomba. Wiki kadhaa zimepita na bado nikilala namwona.

Ilikuwa asubuhi ya umande, katika shamba la mama mmoja mkulima, juu kidogo ya kijito. Aliniomba nisiandike jina lake, basi nitamwita Mama, kama nilivyomwita siku ile. Alikuwa akipalilia huku nikimuuliza habari za msitu. Ghafla akaliweka jembe chini, akapiga magoti, akaanza kuchambua udongo kwa vidole.

"Njoo uone, mwanangu. Lakini lowesha mikono kwanza."

Kiganjani mwake alijikunja kitu mfano wa nyungunyungu mnene, kirefu kupita shubiri, rangi yake samawati iliyokolea ikielekea weusi. Mwili mzima pete pete. Macho hayaonekani. Ungesema mnyoo, na wengi husema nyoka, wakamkata. Kumbe ana uti wa mgongo, ana taya, ana meno. Ni amfibia, ndugu yake chura. Kwa wanasayansi ni Boulengerula taitana, jina alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1935, na duniani kote hana kwao pengine ila milima hii.

Mama amewahi kuwachimbia watafiti, na kwao alijifunza la kunyamazisha mtu. Jike hutaga mayai katika kijishimo udongoni, akayazungushia mwili wake. Makinda wakianguliwa hawawezi kujitafutia chakula, na mama yao hana maziwa. Alicho nacho ni ngozi. Msimu huo ngozi yake huwa nene maradufu, imejaa mafuta. Makinda huzaliwa na meno ya pekee ya utotoni. Humpanda, humkwangua mgongoni na ubavuni, wakibandua ule utando wa juu na kuula, wakinyang'anyana vipande. Yeye hutulia tu. Zikipita siku kama tatu ngozi imeota upya, nao wanarudi kula. Wao wanakua, yeye anakonda. Ugunduzi huo ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2006, ulimwengu ukastaajabu.

Nilimuuliza Mama kama naye alistaajabu. Akacheka kidogo.

"Mzazi gani hajaliwa na wanawe?"

Mama amelea watoto watano katika shamba hili. Hakusema zaidi, nami sikumchimba.

Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu iendayo hadi kusini mwa Tanzania. Msitu wake wa asili umebaki viraka: Ngangao, Mbololo, Vuria na vingine vidogo. Ndege kama apalisi wa Taita hawana makao nje ya viraka hivyo. Huyu wa udongoni ni mvumilivu zaidi. Hata shambani huishi, mradi apate unyevu, kivuli na majani yanayooza.

Kwa Mama, heshima ya vilivyo chini haikuanza na watafiti. Alinielekeza kwa kidevu kwenye mwamba ulioezekwa na miti. Zamani, mzee akifa alizikwa, kisha baadaye fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa pale, pangoni, kukaa na mafuvu ya waliomtangulia. Ukame ukizidi au maradhi yakiandama nyumba, ukoo uliwaendea na pombe na kondoo. Palikuwa pia na fighi, misitu ya ulinzi ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Na palikuwa na kutasa: mtu anachukua funda la pombe au maji ya muwa, analipuliza kama manyunyu, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni. Maana hasira iliyofungiwa, ya aliye hai au aliyekufa, ndiyo iliyoaminika kuleta balaa.

Mama ni mtu wa kanisa na pangoni haendi. Lakini kuni za pale hakati. Nilipomuuliza kwa nini, aliinamia magugu yake. Jibu sijalipata.

Ndipo akaniambia neno lililonifanya niandike makala haya. Mlima nao, alisema, una ngozi: huu udongo mweusi wa juu. Sisi tumeula, babu zetu wameula, na kazi ya kuiotesha tena ni ya majani ya miti. Siku tatu hazitoshi. Alitaja mikaratusi, inayokunywa maji hadi ardhi inakuwa ngumu. Upande wa pili, kwenye kilima cha Sagalla karibu na Voi, yupo binamu wa kiumbe huyu, Boulengerula niedeni, aliyetambuliwa na sayansi mwaka 2005. Kilima hicho kimoja ndicho dunia yake yote, na udongo ukikauka hana pa kuhamia.

Nashuka Voi na maswali. Kiumbe anayeishi ndani ya shamba la mtu analindwa na nani? Watoto wa Mama wako Mombasa na Nairobi. Wakirithi, watajua kilichomo humo? Na mafuvu yale, sasa ni ya nani?

Kabla sijaondoka, Mama alimrudisha kiumbe shimoni, akamfunika kwa udongo, kisha kwa majani mabichi ya mgomba. Akaendelea kupalilia. Nilipogeuka njiani nikaona shamba lote limesafika, isipokuwa duara moja la magugu, chini ya mgomba ule.