Wabebwa wa Waya Mmoja

Mwanafunzi wa chuo nchini Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya kubebana. Vitanda vya hosteli havitoshi, basi mwenye jina kwenye orodha humbeba asiye na jina, na godoro la mtu mmoja hulaliwa na wawili. Marufuku hutolewa, na watu huendelea kubebana. Intaneti ya bwenini nayo ina wabebwa wake. Pale ambapo chumba kina tundu moja la waya na kanuni inasema tundu moja kifaa kimoja, wakazi wanne wenye simu nne na laptopu mbili hawatapiga kura nani asome na nani asisome. Watachomeka ruta ndogo, itambulike yenyewe kwenye mtandao wa chuo, na vifaa vingine vyote vipande mgongoni mwake. Wapo wanaouita huo wizi. Mimi naona kosa liko kwenye kanuni, kwa sababu inahesabu vifaa wakati kilicho haba ni kitu kingine kabisa.

Kubebana huko hakukubuniwa na wanafunzi. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika kila mahali, ni takriban bilioni 4.3 tu, na mapema miaka ya 1990 ilishaonekana kwamba hazitatosha. Mwaka 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha utaratibu unaoiwezesha mashine moja kutumia anwani moja upande wa nje, huku ndani ikigawa anwani za kwake, zile za 192.168 anazozijua yeyote aliyewahi kufungua mipangilio ya ruta. Akiba kuu ya dunia ya zile anwani bilioni 4.3 iliisha Februari 2011, lakini intaneti haikusimama, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa imeshaanza kubebana. Anayewasha hotspoti katika geto la Musoma mjini anafanya hivyohivyo, na mara nyingi hata kampuni ya simu iliyomuuzia bando imemweka pamoja na wateja wengine wengi nyuma ya anwani moja.

Kilicho haba ni upana wa bomba. Chukua waya wa megabiti 10 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, unabaki na megabaiti 1.25. Kitini cha megabaiti mbili kinashuka chini ya sekunde mbili, wakati simu moja inayojisasisha gigabaiti nzima italishika bomba lote kwa dakika 13 na zaidi, mwenyewe akiwa amelala. Simu tano zinazosoma vitini hazimsumbui mtu, ila simu moja inayojisasisha huziba njia ya wote. Anayefika kwenye kioski cha maji na mkokoteni wa madumu 20 haachiwi koki mpaka amalize, huku mwenye ndoo moja anasubiri nyuma yake. Watu wanaoteka pamoja hulimaliza hilo kwa kupishana, dumu moja moja, na hakuna anayeuliza nyumbani kwako una ndoo ngapi.

Wataalamu walilipata somo hilo kwa machungu. Oktoba 1986 njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa mita zisizofika 400, iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40, kwa kuwa kila mashine ilituma upya kile ilichodhani kimepotea na kuzidisha msongamano. Van Jacobson alizifundisha mashine kupunguza mwendo. Kabla yake, mwaka 1985, John Nagle alikuwa ameshapendekeza kila mtumaji awe na foleni yake na ruta izipitie kwa zamu. Leo zamu hiyo imo ndani ya programu huria kama OpenWrt, inayowekwa bure kwenye ruta nyingi za bei ya kawaida. Ikiwashwa, mwenye mkokoteni atasubiri kidogo na mwenye ndoo hatajua kama kulikuwa na foleni.

Wasimamizi wa mitandao wana hofu mbili za kweli. Waya wa ukutani ukichomekwa kwenye tundu la ruta lisilo lake, ruta huanza kugawa anwani zake korido nzima, na vyumba vya jirani hukosa mtandao bila kujua kwa nini. Hilo huzuiwa kwenye swichi, kwa mpangilio wa mara moja. Hofu ya pili ni nzito zaidi: tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, chuo kinaweza kuulizwa nani alifanya nini, na wabebwa hawaonekani kwa nje. Nakubali. Lakini marufuku haiwaondoi, inawaficha tu. Ruta iliyoandikishwa kwa jina la chumba, au waifai ambayo kila mmoja anaingia kwa jina na nywila yake, huacha kumbukumbu nyingi kuliko ruta iliyofichwa chini ya kitanda.

Atakayesema waya umepitwa na wakati, kila mtu ana bando, amesahau kwamba bando linatoka mfukoni mwa mtu anayesubiri boomu, yaani fedha ya mkopo wa kujikimu. Tena hewa nayo hujaa: kwenye masafa ya gigahezi 2.4 njia zisizoingiliana ni tatu tu, na bweni lenye hotspoti 30 huwa na kelele za redio kuliko soko. Kingine ni marudio. Walimu wanafunzi 40 wa Chuo cha Ualimu Bunda wakihitaji kitabu kilekile cha Taasisi ya Elimu Tanzania, hakuna sababu kipite kwenye waya mara 40. Nakala moja kwenye kompyuta ya bwenini inatosha, na waya hauguswi.

Butiama iko kwenye nafasi nzuri ya kupanga nyaya mapema. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kilichopo huko ni miongoni mwa wanufaika wa mradi wa elimu ya juu wa HEET, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioanza 2021. Kwenye jengo jipya, bomba la plastiki la kupitishia nyaya, likilazwa kabla ya plasta, ni gharama ndogo mno. Plasta ikishakauka, fundi atakuja na patasi.