Vitenzi Vikaidi vya Kitaliani

Mimi ni mmoja wa wanafunzi wachache tunaojifunza Kitaliani jioni kwa padre mmoja aliyezaliwa Italia. Muhula uliopita nilikaribia kukiacha. Nilitaka kusema "nakwenda shuleni", nikaanza na neno *ando*, na wenzangu wakacheka sana. Neno lililotakiwa ni *vado*. Nikasema moyoni, lugha hii haina sheria. Leo napenda kuwaonyesha kwamba nilikosea.

Kwanza tazameni kitenzi kitiifu, *parlare*, yaani kusema. Ondoa *-are*, kisha tia mwisho wa kila nafsi: *parlo* (nasema), *parli* (unasema), *parla* (anasema), *parliamo* (tunasema), *parlate* (mnasema), *parlano* (wanasema). Vitenzi vingi sana hufuata njia hiyo.

Sasa tazameni *andare*, yaani kwenda: *vado, vai, va, andiamo, andate, vanno*. Shina *and-* limebaki mahali pawili tu, katika "tunakwenda" na "mnakwenda". Penginepo limeingia shina la kitenzi kingine cha Kilatini, *vadere*, ambacho nacho maana yake ni kwenda. Vitenzi viwili vimeungana vikawa kimoja.

Vingine ni vikaidi kwa sababu jina lao limefupishwa. Kunywa ni *bere*, lakini zamani lilikuwa *bevere*. Ndiyo sababu twasema *bevo, bevi, beve, beviamo, bevete, bevono*. Ukilijua jina la kale, ukaidi wote umekwisha! Vivyo hivyo *dire*, kusema neno au kuambia, asili yake ni *dicere*: *dico, dici, dice, diciamo, dicono*. Ni *dite* (mnasema) peke yake lililopotea njia.

Lakini kwa nini ukaidi huu haukurekebishwa? Tujitazame sisi wenyewe. Kwa kanuni tunaamuru "soma", "lima", "piga". Mbona basi twasema "njoo", "nenda" na "lete"? Wengi wetu huku bara husema "kuja hapa", na mwalimu wa Kiswahili hutusahihisha kila mara. Maneno hayo matatu mtoto huyasikia kutwa, naye huyashika kabla hajajua kanuni yo yote. Ndivyo ilivyo Italia pia: kuwa, kwenda, kuja, kufanya, kunywa, vyote ni vikaidi, na vyote husemwa kila siku.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Anzeni na *essere* (kuwa) na *avere* (kuwa na), kwa maana ndivyo vinavyosaidia kusema yaliyopita: *sono andato*, nimekwenda, *ho parlato*, nimesema. Someni nafsi zote sita kwa sauti, kila siku kitenzi kimoja, wala msione haya kukosea.

Juzi padre aliniuliza niendako. Nikajibu, "*Vado a scuola*." Safari hii hapana aliyecheka.