Fleti ya Ruiru haijawa dhamana ya uzeeni

Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yameendelea kugeuka magorofa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini humo na 251,407 mjini Thika. Wapo walionunua fleti hizo kwa akiba ya miaka mingi, nao wanakaribia kustaafu wakiwa na nyumba nzuri na pensheni isiyotosha. Kwingineko duniani kuna mkopo uliobuniwa kwa ajili ya watu kama hao, unaoitwa rehani ya kinyume. Mzee hukopa kwa dhamana ya nyumba yake, huendelea kuishi humo bila kulipa mkopo kila mwezi, na deni hulipwa nyumba inapouzwa baada ya yeye kufa au kuhama. Kwetu Kenya mkopo huo haujapata soko, na si ajabu, kwa kuwa hata mikopo ya kawaida ya nyumba ilikuwa takriban 30,000 tu nchini kote mwaka wa 2023.

Lawama kwa kawaida hutupiwa riba na mila. Naamini kikwazo kilicho mbele ya hivyo vyote ni hati. Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti alipewa hati ya upangaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya kusimamia jengo, huku hatimiliki ya ardhi ikibaki kwa jina la mjenzi, mara nyingine ikiwa bado imewekwa rehani benki. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo, ilitaka kila fleti iwe na hati yake, na ikatoa miaka miwili ya kubadilisha hati za zamani. Muda huo ulikwisha na majengo mengi hayajabadilishwa. Huko Ruiru kuna tatizo jingine chini ya msingi, kwani baadhi ya ploti zilitokana na kampuni za kununua mashamba, na kuna walioshika vyeti vya hisa kwa miaka bila kuona hatimiliki. Mkopo wa kawaida unaweza kuvumilia hati yenye kasoro ndogo, kwa sababu deni hupungua kila mwezi. Rehani ya kinyume haiwezi, maana deni lake hukua, na benki haina kingine cha kushika isipokuwa nyumba yenyewe. Ardhi ikiwa ya kukodishwa, hali huwa ngumu zaidi. Sheria ya 2020 inakubali ardhi iliyobakiza miaka 21, ilhali ile ya 1987 iliyoitangulia ilitaka 45. Hilo liliwafaa wajenzi, lakini mkopeshaji anayengoja miaka 20 ataona dhamana ikiyeyuka huku deni likipanda.

Hata hati ikipatikana, fleti haisimami peke yake. Katika jengo la fleti 24 ambako wenye fleti 10 hawalipi ada ya huduma, pampu ya kisima ikiungua wakazi hununua maji kwa mitungi, na mthamini akija hushusha bei ya nyumba zote, hata ya mzee asiyedaiwa senti. Wamarekani walilijua hilo. Mpango wao wa rehani ya kinyume unaodhaminiwa na serikali, kwa wenye umri wa miaka 62 na zaidi, ulidai kwa miaka kadhaa kwamba jengo zima liidhinishwe kwanza, na ni Oktoba 2019 tu walipofungua tena njia ya kuidhinisha fleti moja moja. Wazee wasiodaiwa kitu walikataliwa kwa sababu ya majirani. Benki ya Kenya itauliza maswali hayo hayo, na itakuwa na haki ya kuuliza.

Atakayesema riba ndiyo mzizi wa tatizo ana hoja nzito. Milioni moja kwa asilimia 14 hufika takriban milioni 4.8 baada ya miaka 12, kiasi cha kumeza fleti ya milioni tano karibu yote. Kwa asilimia 9, deni hilo ni milioni 2.8. Lakini pesa za bei nafuu zina mlango tayari: Kampuni ya Kufadhili Mikopo ya Nyumba, KMRC, huzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu ili zikopeshe kwa riba ya chini ya asilimia 10. Fedha hizo hufuata nyumba yenye hati safi, kwa hiyo hoja ya riba inaturudisha kwenye hati. Ama mila, ya kwamba nyumba ni ya watoto, naiheshimu, na sheria inailinda kwa kiasi chake: nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume na mke. Hata hivyo, wazee hukata kipande cha shamba wakakiuza ili walipie hospitali, na watoto hukubali. Fleti haikatiki. Mwenye fleti hubaki na mawili: auze nyumba yote ahame, au awe mzigo kwa watoto wale wale anaotaka kuwaachia urithi.

Kwa hiyo kazi ya sasa iko kwa wamiliki kabla ya kufika benki. Sheria ya 2020 haimlazimu mnunuzi kumngoja mjenzi. Kampuni ya usimamizi, au hata mwenye fleti mmoja, anaweza kuomba hati zibadilishwe, na mjenzi akikataa kusalimisha hati mama ya ardhi, msajili wa ardhi ana uwezo wa kuendelea bila hiyo. Gharama ya mpimaji na ramani ya sehemu ikigawanywa kwa fleti 24 ni nyepesi kuliko inavyoogopwa, na ni heri wakazi wa Ruiru na Thika waichange sasa, wakiwa bado na mshahara.