Sauti ya Redio Nyumbani: Kiasi Gani Chatosha?

Katika nyumba zetu nyingi, kaswida na mawaidha, na kwa wengine taarabu, husikika tangu asubuhi hadi usiku. Si vibaya nyumba kuchangamka. Lakini ni mara ngapi tumejiuliza iwapo sauti ile yamfaa kila aliyemo, pamoja na jirani tuliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja?

Tuanze na sikio lenyewe. Ndani yake mna seli zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hupokea mtetemo wa sauti na kuufikishia ubongo habari zake. Seli hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Madhara hayo huja kidogo kidogo, aghalabu bila maumivu, mpaka mtu awe anauliza "Umesemaje?" kila anaposemeshwa.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80. Kwa mtoto, muda huo huo ni wa desibeli 75. Sauti ikipanda kwa desibeli 3 tu, nguvu yake huwa maradufu, na muda wa salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo, mtu mzima asikilizaye kwa desibeli 83 amebakiwa na saa 20.

Wengi wetu hatuna kifaa cha kupimia, lakini tuna mazungumzo. Watu wawili waliotengana kwa urefu wa mkono wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, redio imezidi. Tuianzie chini, tuipandishe mpaka maneno yawe bayana, kisha tuiache hapo. Kelele za barabarani zikiingia, tufunge dirisha au tusogee karibu, badala ya kushindana na pikipiki. Babu asiyesikia vizuri tumwekee redio kando yake, tusiipandishe kwa nyumba nzima.

Katika Surat Luqman, aya ya 19, mzee Luqman amuusia mwanawe ateremshe sauti yake. Sauti tunayoifungulia redioni nayo ni yetu, na wapo inaowafikia bila hiari yao: mtoto mchanga aliyelala, mgonjwa, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Wengi wao hawatathubutu kutuomba tupunguze. Ni juu yetu kutangulia kuwauliza.