Kaburi Lenye Tarehe

Mtu aambiwaye kwamba wageni hutoka mbali na kulipa kiingilio ili watazame makaburi, huenda akastaajabu. Maana kwetu mtu huenda kaburini kuzika, au kuzuru wazee wake, wala haendi kutembea. Lakini yako makaburi ambayo wenyewe wamekwisha kusahauliwa, na wajukuu wao hawajulikani waliko, na hata hivyo mawe yao yangali yakitoa habari. Katika mazungumzo haya twataka kueleza moja la namna hiyo, lililoko Gedi katika pwani ya Kenya, maili 10 hivi kusini ya Malindi.

Gedi ulikuwa mji wa Waswahili, wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na nyumba za mawe, nao ulizungushiwa ukuta. Katika karne ya 17 wenyeji waliuhama, msitu ukaingia hata vyumbani. Mwaka 1927 serikali iliuweka katika hifadhi, na tangu 1948 hata 1958 Bwana James Kirkman aliufukua. Mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kati ya makaburi yake liko moja lililoandikwa kwa Kiarabu mwaka wa 802 wa Hijra. Je, huo ni mwaka gani kwa hesabu ya Kizungu? Mwanafunzi mwepesi atachukua 622, mwaka wa Hijra yenyewe, ajumlishe 802, apate 1424. Amekosea. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kwa siku 11 hivi. Na siku 11 mara 800 ni siku 8,800, yaani miaka 24 na kitu. Ipunguze hiyo, nasi twafika karibu na 1400. Kwa hakika mwaka wa 802 ulianza Septemba 1399.

Faida ya tarehe hiyo ni kubwa kuliko mtu adhanivyo. Mfukuaji hukuta vigae vya vyungu na vya sahani kwa maelfu, wala hapana kigae kisemacho umri wake. Lakini kilicho chini ya msingi wa kaburi kilitupwa kabla ya kaburi kujengwa, na kilichofukiwa juu ya udongo wa wakati ule kilikuja baadaye. Basi jengo moja lenye mwaka huwa kama kigingi kilichofungiwa kamba. Mengine yote hupimwa kutoka hapo. Likibomoka kabla ya kusomwa, hakuna fundi awezaye kuurudisha mwaka ule.

Gedi liko pia kaburi lenye nguzo ya mawe, kama yale ya Malindi na Mambrui, na ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Wenye mali walipenda kupamba nguzo hizo kwa sahani na mabakuli ya Kichina, yaliyogandishwa kwa chokaa. Siku hizi mahali pengi mgeni huona matundu ya mviringo tu. Sahani zimeng'olewa, na sahani iliyotolewa mahali pake haiwezi tena kueleza ilipamba kaburi la nani, wala la zama zipi. Twaona mng'oaji amepata chombo, nasi tumepoteza habari.

Aendaye kutazama asipande juu ya kuta, maana chokaa ya kale humomonyoka chini ya mguu. Wala asichore jina lake. Asiokote kigae, hata kikiwa kidogo kama ukucha. Na akikuta mtu anaomba dua, angoje kando kwa adabu. Makaburi ya kale hayakuacha kuwa makaburi.

Afadhali kwenda asubuhi au alasiri. Jua likiwa utosini, herufi zilizochongwa hazionekani vema. Likiinama, kila mkwaruzo hutupa kivuli chake, na jicho huweza kufuata maandishi.